Maneno Machache Kabla ya Filamu

Waheshimiwa wazazi, akina mama wa Buyenzi mliokuja na mikeka, akina baba wa Kinindo mliokuja na viti vya kukunja, na nyinyi watoto mliokalia waya wa maikrofoni yangu: habari za jioni. Nimeombwa niseme maneno machache kabla ya filamu. Aliyeniomba simwoni hapa, lakini si neno. Katika Bujumbura nzima, ajuaye jinsi ya kumpeleka mtoto kwenye sinema ya bustanini ni mtu mmoja, na bahati nzuri maikrofoni anayo yeye.

Cheti ninacho. Nilikipata Brussels, mafunzo ya siku 3, na kina muhuri. Kimeandikwa "kuhudhuria", neno ambalo huko kwa wenzetu lina uzito mkubwa. Nimekifunika kwa plastiki ngumu. Mtakiona baadaye, wenye mikono safi.

Kanuni ya kwanza ni giza. Mwaka jana niliandaa onyesho mimi mwenyewe, nikapanga tuanze saa kumi kamili ya jioni, kwa sababu mtoto hulala mapema. Wapo wenye roho ndogo waliosema kwamba jua letu huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima kwa kuwa tuko jirani na ikweta, na kwamba hata mvuvi wa ndagala anajua kungoja giza liingie ndipo awashe taa zake ziwani. Mimi sikusomea uvuvi. Shuka lilibaki jeupe saa mbili nzima, na watoto wakaketi wanalitazama. Nidhamu ya namna ile sijaiona tena.

Kanuni ya pili ni historia. Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu filamu kwa kiingilio. Ilikuwa bustanini, chini ya nyota, upepo mwanana unavuma… Naam, mama? Wewe wa kitenge cha buluu. Mkahawani? Chumba cha chini ya ardhi? Ahaa, mama ni mwalimu. Basi tuseme ilikuwa chini ya ardhi, maana Desemba ya Ulaya ina baridi, lakini roho ya onyesho ilikuwa bustanini! Kwani mojawapo ya filamu za siku ile ni ya mtunza bustani anayemwagilia maji. Kitoto kinanyata nyuma yake, kinakanyaga mpira. Maji yanakatika. Mzee anauinua mdomo wa mpira, anauchungulia. Kitoto kinaondoa mguu. Chwaa! Msicheke kwanza, watoto, sijafika kwenye kichekesho. Filamu hiyo haifiki dakika moja. Maelezo yangu kuihusu huchukua dakika 40, lakini leo, kwa kuwaonea huruma, nitayapunguza yafike 35.

Kijana wa jenereta, mbona unaninyoshea dumu? Najua ni tupu. Nani katika mji huu asiyejua habari za petroli? Najua pia kwamba hizo lita mbili alizipata kaka yako baada ya kulala kwenye foleni ya kituo. Ndiyo maana nazitumia kwa jambo lenye maana.

Nilikuwa wapi? Cheti. Hapana, uchaguzi wa filamu. Mimi nilichagua elimu ya viumbe, tena kiumbe wetu wenyewe: Gustave, yule mamba wa Rusizi na Ziwa Tanganyika ambaye dunia nzima inamjua, hata Wamarekani wakatoa filamu, Primeval, mwaka 2007. Sikuitazama kabla. Mtaalamu haitazami filamu, huinusa. Haukupita muda, nusu ya watoto walikuwa wamepanda migongo ya mama zao, na nusu iliyobaki walikuwa wanapima kwa macho urefu wa ukuta wa bustani. Mmoja tu hakutetereka, kijana wa miaka 9, mtoto wa mvuvi. Akasimama akaniuliza mbele za watu: "Muzee, hiyo si huku. Milima ya Kongo iko wapi?" Nikamjibu kwamba milima imefichwa na ukungu. Baadaye nikaambiwa filamu ilipigwa Afrika Kusini, jambo ambalo ukungu pia unaweza kulisababisha.

Wengine mnaninong'onezea: kwa nini usituletee Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi? Naiheshimu sana. Ila haiwafai watoto. Ni habari ya kijana aliyerudi kutoka Paris na shahada yake, kichwa juu, akitazamia kupewa uwaziri, na uwaziri wenyewe haupo. Mtoto atajifunza nini hapo? Mara ya mwisho ilipoonyeshwa nikiwepo, watoto walikuwa wanatazama shuka kidogo, kisha wanageuka kunitazama mimi. Niweke wazi: mimi nilirudi kutoka Brussels, si Paris. Wala sikutaka uwaziri. Ukurugenzi ungenitosha.

Na bwana Ngabo huyohuyo ndiye aliyeanzisha tamasha la FESTICAB mwaka 2009. Wazo hilo mimi nilikuwa nalo tangu 2008. Sikumwambia mtu, kwa unyenyekevu.

Kuhusu mbu, nguo za mikono mirefu, choo kiko wapi, na nani atambeba mtoto akisinzia njiani: waulizeni akina mama. Mimi siingii kwenye vitu vidogovidogo.

Suala zito ni mahali pa kukaa. Mtoto akae mbele ya shuka, mita nne, mgongo wima. Lakini watoto wa hapa wanajipenyeza nyuma! Nuru inavuka shuka, na huko nyuma kila kitu ni kinyume: maandishi yanarudi kinyumenyume, jambazi wa mkono wa kulia anakuwa mashoto. Upepo wa ziwa ukivuma shuka linavimba, basi shujaa anaota kitambi, bibi harusi ananenepa na kukonda kama anapuliziwa pampu. Wanavunjika mbavu. Siku moja nilikwenda kuwafukuza. Nikachuchumaa kidogo, kwa utafiti tu, kati ya mtoto mwenye karanga na mwingine mwenye kamasi. Niliondoka filamu ilipokwisha. Karanga zilikuwa nzuri. Utafiti huo bado sijauchapisha.

Sasa kanuni ya tano… Haloo? Haloo? Jenereta imezima. Si neno, sauti yangu inafika hadi Kamenge. Kanuni ya tano inahusu… Nani kawasha tochi ya simu? Mikono ya nani hiyo kwenye shuka? Ni mamba. Mamba mzuri, anafungua mdomo vizuri. Na hicho kichwa kingine, kikubwa, chenye mdomo usiofunga, ni cha nani?

Mbona mnacheka wote, hata mama mwalimu? Ahsanteni. Ahsanteni sana kwa makofi. Lakini tulieni kidogo. Na wewe mwenye mamba, usimsogeze karibu hivyo, bado nipo kwenye kanuni ya tano.