Ngoma na Wapangaji Wake

Mwembe mkubwa ukianguka hapa Lusu, majirani huja kuulizia kuni kabla ya kuulizia majeruhi. Wetu ulianguka usiku wa mvua za kwanza, ukaondoka na paa la choo, kamba ya kuanikia nguo na heshima ya baba mkwe, ambaye miaka yote aliapa kwamba mti ule hauanguki. Kwa masimulizi ya ukoo, uliota kwenye kokwa aliyoitupa babu wa babu yake akirudi kutoka pwani, mzigo begani.

Kokwa siwezi kuiapia. Ila miembe haikuanzia huku. Iliingia na misafara, na hata leo ukipita Tabora au Ujiji utaikuta mikongwe iliyobaki kwenye njia ile ya zamani. Lusu tuko pembeni kidogo, upande wa Nzega, lakini ukoo gani wa Kinyamwezi haukutoa mpagazi? Wale wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya sasa, Novemba 1857, walikuta njia imeshakanyagwa na watu wetu siku nyingi. Mbele alitangulia kirangozi na joho lake jekundu, na karibu yake ngoma ikilia ili vijiji vijue kuna pembe za ndovu zinapita. Kwenye hiyo ngoma ndipo balaa letu lilipoanzia.

"Hili gogo halitakuwa kuni," baba mkwe alitangaza.

"Litakuwa nini?" mama mkwe aliuliza, ungo wake haujasimama.

"Ngoma. Ya harusi."

Wifi yangu wa mwisho alikuwa anaolewa baada ya mavuno. Mama mkwe aliweka ungo chini, akalizunguka gogo, akachungulia ndani. Moyo wa gogo ulishaoza, uwazi tayari upo. Yeye aliona mzinga. Tabora ni mkoa wa asali, wenye chuo cha ufugaji nyuki mjini kwake, na mwanamke mwenye akili timamu hawezi kuona gogo lenye tundu akafikiria kelele.

"Mzee, mzinga unalipa ada za wajukuu," alisema. "Ngoma inalipa nini?"

Baba mkwe hakujibu. Mtu huyu ujana wake uliishia kwenye madansi ya Tabora, enzi mji ule mmoja ulikuwa na Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz, na mpaka leo hawezi kugusa ugali kabla hajaipiga meza. Miguu ya meza yetu imelegea kwa sababu hiyo. Mume wangu, alipoombwa aseme yuko upande gani, alikumbuka ghafla kwamba ana safari ya Nzega mjini.

Fundi hakuitwa. Iliazimwa tezo, na kazi ikaanza uani. Ili kupanua tumbo la gogo, baba mkwe alitia makaa ya moto ndani, akaacha yaunguze, akakwangua masizi, akatia mengine. Kuku wetu weupe wakawa wa kijivu msimu mzima. Mwembe nao si mninga: ni mwepesi kuchonga, lakini bungua wanaupenda, na ukiuanika juani haraka hupasuka. Kwa hiyo gogo likahamia sebuleni likauke polepole, na mgeni aliyekuja kwa heshima zake, "Mwangaluka, mwangaluka," akakaribishwa kuketi juu yake. Wengi waliondoka na masizi sehemu ambayo hatukuweza kuwaambia.

Kisha ikaja ngozi ya ng'ombe. Ngozi mbichi hulowekwa kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yaachie, na chombo pekee kilichoitosha ni beseni kubwa la mama mkwe, lile la kuoshea mchele wa shughuli. Ruhusa haikuombwa. Harufu ilipofika barabarani, mbwa wakafika nyumbani.

Wanangu mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa wameachwa walinzi. Wanasema mbwa walikuwa sita. Mimi niliwaona wawili. Wale wawili waliiburuta ngozi katikati ya mihogo ya jirani, wakaiingiza mbugani, mapacha nyuma yao na fimbo, na nyuma ya mapacha watoto wote wa kitongoji ambao hawakujua kinachokimbiziwa. Majaruba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji. Mbwa ni wepesi kwenye tope, watoto siyo, lakini ngozi iliyolowa ni nzito, na kila jaruba moja likawa na pambano lake: hawa wanavuta mkia, wale wanavuta shingo, mwenye shamba yuko tutani anataja majina ya wazazi wetu wote mmoja mmoja. Walirudi jioni, udongo mweusi mpaka kwenye kope, na ngozi iliyopungua robo, pamoja na kobe ambaye hakuhusika kabisa. Doto aliniambia ndiyo siku nzuri kuliko zote tangu azaliwe. Kulwa akauliza kama kesho kuna ngozi nyingine.

Iliyobaki ilitosha uso mmoja tu wa ngoma, sio nyuso mbili kama ilivyopangwa. "Za misafara zilikuwa na uso mmoja," baba mkwe akasema. Historia ya Unyamwezi ikabadilika palepale, mbele ya macho yetu.

Akaiwamba kwa vigingi, akaipiga kidogo, ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Akasema ikikauka itafunguka koo. Tukaipandisha kwenye mkwaju nyuma ya nyumba, kivulini, juu ambako mbwa hawafiki. Na hapo mama mkwe, ambaye kwa miezi hakugusa kazi ile hata kwa kidole, akawa msaidizi. Kabla haijapandishwa aliipaka nta ndani, "bungua wasiile." Upande ulio wazi akauziba kwa kipande cha gome, "panya wasiingie," akaacha kitundu cha kidole gumba, "ipumue." Baba mkwe alimshukuru mbele ya watu. Alisema ndoa ni kuvumiliana.

Mvua zilipokuwa zinakatika na porini maua yamejaa, ngoma ikaanza kulia yenyewe.

Ilikuwa mchana mtulivu, na mngurumo ulitoka juu mkwajuni, mnene, usiokatika. Baba mkwe alivua kofia. Alisimama chini ya mti muda mrefu, kisha akaja jikoni na sauti ya chini akaniambia, "Mama Kulwa, wazee wameipokea."

"Ni nyuki, Mzee," mama mkwe alisema, akikoroga mlenda.

Harusi ilikuwa imekaribia, na kadi zilishaahidi ngoma ya asili. Msaada ulipatikana kwa jirani. Lusu tuliwahi kuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu, Golden Pride, ulioanza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990 ukafungwa kama miaka kumi na mitano baadaye. Dhahabu imeondoka, lakini mavazi yamebaki: hakuna mtaa usio na ovaroli na kofia ngumu moja. Jirani yetu alikuja navyo vyote, kofia ameifunika chandarua, mkononi ana kifungu cha kinyesi cha ng'ombe kinachofuka moshi. Jua lilikuwa linazama, ndiyo saa sahihi. Warina asali wote watakwambia nyuki hawaendewi mchana. Alipanda vizuri. Alipuliza moshi vizuri. Alifungua kamba vizuri. Tatizo ni chandarua, ambacho kabla ya kazi hii kilikuwa kimefugia vifaranga.

Nyuki akikuchoma anaacha harufu inayokaribia ndizi mbivu, nayo huwaita wenziwe waje waendeleze alipoishia yeye. Mmoja aliingia kwenye tundu la chandarua. Wengine hawakuhitaji kuelekezwa. Jirani alishuka sehemu ya kwanza ya mkwaju kwa miguu na iliyobaki bila utaratibu maalumu, kofia ikatangulia, moshi ukafuata, sisi tukaingia jikoni tukafunga mlango na mbuzi watatu ndani. Baba mkwe alibaki nje ya mlango kwa sababu alisimama kutoa maelekezo. Kobe alijifunga ndani ya gamba lake, na hadi leo namwona ndiye pekee aliyekuwa na mpango.

Hakuna aliyelazwa, tunashukuru. Lakini huyo jirani ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa harusi, na siku yenyewe mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba kiasi kwamba "bwana harusi" na "bibi harusi" vilitoka sauti moja. Ngoma ilibaki mkwajuni na wenyewe ndani. Mapacha wakakusanya madumu ya mafuta, baba mkwe akageuza beseni, lile lile, akalipiga kwa viganja, akinamama wakashika wimbo, na shughuli ikaenda mpaka alfajiri. Spika za kukodi zilizimwa na hakuna aliyeziulizia. Nakiri beseni lina sauti nzuri kuliko ile ngoma.

Ugomvi ulirudi wakati wa kurina. Safari hii alipanda mrina asali wa kweli, usiku, akashusha ndoo mbili. Kesi ilisikilizwa jikoni. Baba mkwe alidai kwamba nyumba ni yake, aliichonga kwa mikono yake, na mpangaji popote duniani hulipa kodi: ndoo moja kwa msimu. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akahesabu: nta ya kupaka, gome la kuzibia, beseni lililotoboka kwa kupigwa usiku kucha, mchicha wote ulioliwa na kobe. Ndoo moja haikutosha kufidia. Salio, kwa mahesabu yake, baba mkwe ataruhusiwa kulilipa kwa kupanda mkwaju mwenyewe msimu ujao.

Ameshaazima kofia ya mgodini. Chandarua amesema atanunua kipya.