Ardhi Iliyoshinda Trekta

Anayekuja Iowa kutoka kwetu huja na picha ya Marekani ya mapori yasiyo na mwenyewe. Mapori hayo yako magharibi, mbali. Hapa kuna mahindi, kisha soya, kisha mahindi tena, na mwenye shamba amelima mpaka ukingo wa barabara. Barabara zenyewe za changarawe zimekatwa mraba, maili kwa maili, urithi wa sheria ya upimaji ardhi ya 1785. Utaendesha saa nzima hujaona mti wa kufungia kamba ya hema.

Nasi ndio kwanza tumeshikwa na ugonjwa wa kulala kwenye hema. Shangazi yangu wa Muheza alipoambiwa kwa simu kwamba tunalipa pesa ili tulale chini, alinyamaza kidogo, kisha akaomba azungumze na mke wangu.

Kimbilio la kwanza la maskini mwenye hema ni bustani ya mji mdogo. Miji mingi ya huku humruhusu msafiri alale humo kwa dola chache, unazotia kwenye bahasha na kuitumbukiza katika kisanduku cha chuma. Hakuna mlinzi wala risiti. Nyasi zimefyekwa, bomba linatoa maji, choo kinanukia sabuni. Unajiuliza mbona watu hawagombanii mahali kama hapa, na jibu linapita saa nane za usiku. Miji hii ilizaliwa na reli: vihenge vya nafaka, njia ya treni na bustani vimebanana mahali pamoja. Na kwa kawaida sheria humtaka dereva wa treni apige honi kila reli inapokutana na barabara: ndefu mbili, fupi moja, ndefu tena. Mji ukiwa na makutano manne, piga hesabu mwenyewe.

Mke wangu aliketi wima gizani. “Baba Neema, hiyo treni inapita wapi?”

“Nje.”

“Nje ya nini?”

Tukahamia kwenye mabwawa yanayosimamiwa na wahandisi wa jeshi. Maji mazuri, machweo mazuri, lakini ikifika Ijumaa jioni huwa ni mtaa wa nyumba za magurudumu, zenye viyoyozi vinavyonguruma na runinga zilizotolewa barazani. Sehemu za kuegesha zimeshindiliwa changarawe, na kigingi cha hema hakiingii hata kwa dua. Mzee mmoja mpole alitutazama tukihangaika, akatuletea nyundo, akauliza kwa huruma kama nyumba yetu imeharibikia njiani.

Usiku huohuo tukatembelewa na rakuni. Mnyama huyu ana viganja kama vya mtoto na maadili ya kibaka. Shemeji alikuwa ameweka jiwe juu ya deli la barafu, akalala kwa amani. Asubuhi jiwe lilikuwa pembeni, kuku hayupo, mchicha haujaguswa.

Sasa nina kanuni moja tu: tafuta ardhi iliyomshinda mkulima. Kaskazini-mashariki mwa Iowa barafu kuu ya mwisho haikufika kusawazisha vilima, na kwenye miteremko ile trekta haipandi, kwa hiyo miti imebaki. Katika msitu wa Yellow River kuna kambi zinazofikiwa kwa miguu tu. Nyumba ya magurudumu itasikika huko siku itakapoota miguu. Kusini mwa Illinois kuna Shawnee, na Indiana kuna Hoosier, misitu ya taifa ambamo unaweza kupiga hema bure mbali na viwanja rasmi. Kupe wapo, tena wengi; soksi juu ya suruali, urembo baadaye.

Ukikosa muda wa kufika huko, ulizia hifadhi za kaunti. Iowa ina kaunti 99, na sheria ya 1955 iliziruhusu kuunda bodi zao za uhifadhi. Hifadhi zao hazipigwi picha za kalenda, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Nenda Jumanne.

Kuni zinunue hapohapo, tafadhali. Mbawakawa wa kijani aliyeua mamilioni ya miti Marekani aligunduliwa Iowa mwaka 2010, na mara nyingi husafiri ndani ya magogo, kwenye buti za magari ya wapenda hema kama sisi.