Jinsi ya Kuwa Mgeni Mwema Usiku wa Walatino Chuoni

Ukisoma chuo kikuu nchini Marekani, hasa kule California au Texas, kuanzia Septemba 15 hadi Oktoba 15 utakuta kuta zimejaa mabango: leo mariachi, kesho ngoma za Puerto Rico, keshokutwa tamthilia. Ni mwezi wa urithi wa Walatino. Rais Lyndon Johnson aliuanzisha mwaka 1968 ukiwa wiki moja tu, na mwaka 1988 ukawa mwezi mzima. Umealikwa. Fuata hatua hizi, usije ukawa yule mgeni anayemaliza sahani tatu na kutoweka kabla ngoma haijalia.

Hatua ya 1: Jua unasherehekea nini. Mwezi kuanza katikati si kosa la mpiga chapa. Septemba 15, 1821, Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua na Kosta Rika zilijitoa mikononi mwa Hispania. Meksiko huadhimisha uhuru wake Septemba 16, na Chile Septemba 18. Kwa hiyo usimwite kila mtu Mmeksiko. Wala usimwulize Mpuerto Rico alipataje viza: watu wa kwao ni raia wa Marekani tangu 1917. Na ukimwuliza mwenzako wa Texas wazee wake walihamia lini, uwe tayari kujibiwa kwamba hawakuhama kamwe. Mpaka ndio uliohama.

Hatua ya 2: Mariachi, wanamuziki wa mtindo wa Kimeksiko, wakipanda jukwaani, simu iende mfukoni. Mbele yako kuna fidla, tarumbeta, gitaa, vihuela ndogo yenye sauti kali, na guitarrón, lile gitaa nene linalobeba besi ya wote. Wengi wa hao waliovaa suti zenye vifungo vya fedha ni wanafunzi, na asubuhi wana mtihani kama wewe. Katika chuo kikuu cha UCLA, wanafunzi walianza kupiga mariachi mwaka 1961. Katikati ya wimbo utasikia mtu akipasua ukelele mrefu, nusu kicheko nusu kilio. Huo unaitwa grito, na unaruhusiwa kuujibu. Aliyekulia kwenye vigelegele vya harusi hana kisingizio cha kukaa kimya.

Hatua ya 3: Kwenye bomba, salimu ngoma kwanza. Bomba ni ngoma ya Puerto Rico, iliyozaliwa na Waafrika waliofanywa watumwa katika mashamba ya miwa. Ukivutwa duarani usisubiri mdundo ukuongoze. Hapa mchezaji ndiye anayeamuru: ukirusha bega, ngoma inajibu, ukitikisa sketi, inajibu, ukisimama, nayo inakungoja. Inamia ngoma, ingia, cheza, kisha inamia tena na umpishe mwingine. Hata kama hujui hatua moja, nenda. Watu walionyimwa kila kitu walijitengenezea mahali ambapo mwili wao ndio uliotoa amri, na heshima kubwa unayoweza kuwapa ni kuingia.

Hatua ya 4: Kwenye tamthilia, mcheke mwenye shamba. Mwaka 1965, vibarua wa mashamba ya zabibu walipogoma huko Delano, California, Luis Valdez aliunda nao El Teatro Campesino. Jukwaa lao lilikuwa lori. Waigizaji walivaa vibao shingoni ili kila mtu ajue nani ni mgomaji, nani msaliti, nani bwana. Kibarua aliyeshinda akiinama shambani alipata kumcheka mwajiri wake hadharani, kisha akarudi kwenye mgomo. Mwaka 1979 tamthilia ya Valdez, *Zoot Suit*, ilifika Broadway. Kwa hiyo kicheko chako ukumbini si utovu wa adabu. Cheka kwa sauti.

Hatua ya 5: Menya tamale. Rais Gerald Ford alipotembelea San Antonio mwaka 1976 aliuma tamale pamoja na ganda lake la muhindi, mbele ya waandishi wa habari. Ganda haliliwi; wewe omba uonyeshwe kwanza. Kisha mtafute aliyeipika, mara nyingi mama au shangazi wa mwanafunzi fulani, umshukuru uso kwa uso. Kuandaa unga, kujaza nyama na kufunga ganda moja moja ni kazi ya mikono mingi.

Hatua ya 6: Oktoba 16, rudi. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye uzito. Mariachi wanafanya mazoezi Februari pia. Kata tiketi ya onyesho la Machi. Jiandikishe darasa la bomba, hata kama masomo yako ni uhandisi. Chuo kikitaka kupunguza bajeti ya muziki, andika barua kuutetea. Sanaa hizi zimevuka utumwa, mipaka na migomo kwa sababu katika kila kizazi kulikuwa na watu waliojitokeza hata siku isiyo ya sikukuu. Jihesabu miongoni mwao.