Mashine ya Tajiri, Mafuta ya Baharia

Msyuuu! Sonyo hilo lilitoka kwa mzee nahodha pale kijiweni kwetu Deep Sea, Tanga, tajiri mmoja alipopaki Kirikuu na kushusha mashine mpya ya boti. Fostroki ya nguvu farasi 15, ingali ndani ya boksi. Vijana wakaacha bao wakaizunguka. Mzee hata kikombe cha kahawa hakukiweka chini.

"Nzuri. Itabebwa na nani?"

Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa na uzito wake. Mashine za hapa hazilali majini. Chombo kikipanda mchangani, mashine inafunguliwa, inapigwa begani, inalala ndani na wenye nyumba, kwa sababu wezi wa mashine hawana likizo. Tustroki ya 15 kijana mwenye shingo anaibeba peke yake. Fostroki ya nguvu hiyohiyo inaizidi kwa kilo kumi hivi, nyingine zaidi, na ina masharti ya bibi harusi: tumboni ina oili yake, kwa hiyo ina ubavu wa kulalia. Ilaze ubavu usio wake, oili inapanda kwenye silinda, na alfajiri utavuta kamba mpaka bega lihame. Tustroki haina oili ya kumwagika tumboni. Oili yake imo ndani ya petroli.

Hapo fundi akadakia, maana habari ya oili humwambii fundi akanyamaza. Kwa nyingi ya hizi tunazotumia kipimo ni 1 kwa 50, yaani dumu la lita 20 la petroli unalitilia mililita 400 za oili ya boti. Ukipunja, pistoni inang'ang'ania katikati ya mkondo wa Pemba. Ukizidisha, plagi zinajaa masizi na pwani nzima inajua umewasha. Nusu ya mashine zinazoletwa kwake, akasema, hazikufa kwa uzee, zimeuliwa na kifuniko cha chupa kilichogeuzwa kipimo.

Nami hapo naongeza langu. Tustroki inapiga moto kila mzunguko, ndiyo maana ni nyepesi na ina hasira ukiikanyaga. Lakini moshi unapotoka, mlango wa mchanganyiko mpya nao uko wazi, kwa hiyo sehemu ya petroli inatoka pamoja na moshi bila kuungua, moja kwa moja baharini. Ni kunywa chai kwa kikombe chenye tundu. Fostroki inafunga milango yake kwa zamu, inapiga moto mara moja katika mizunguko miwili, inakula kidogo, tena haipigi kelele. Marekani waliweka kanuni za moshi wa mashine za boti mwaka 1996, Ulaya nao wakafuata, na tustroki za kabureta zikatoweka madukani kwao. Huku kwetu bado unanunua Yamaha Enduro ikiwa na harufu ya kiwandani. Basi tusidanganyane: mashine inaweza kuwa mpya na umbo lake likawa la zamani.

Silidharau la zamani. Enduro ikizima katikati ya maji, nahodha anachomoa plagi, anaipangusa kwa shati, anasafisha kabureta kwa mate na dua, anarudi nyumbani. Fostroki za sindano ya umeme hazina mchezo huo. Tone la maji ndani ya petroli ya dumu, uchafu kidogo wa pipa la kijijini, inazima, na mwenye kompyuta ya kuisoma yuko mjini. Fostroki ndogo nyingi, kama hiyo ya tajiri wetu, bado ni za kabureta, na hapo fundi alipumua kidogo.

Kulikuwa na njia ya tatu, mashine za mafuta ya taa: unawasha kwa petroli, ikipata moto unaihamishia kwenye mafuta ya taa. Wazee walizipenda. Kisha mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili wachakachuaji wasiyachanganye na dizeli, na unafuu wa mvuvi ukaenda na maji.

Sasa nije kwenye lililonifanya nami nisonye. Tajiri mwingine, mwenye vyombo viwili, alikaa kimya muda wote, kisha akauliza: "Hiyo mashine yako ikipunguza mafuta, anayepunguziwa ni nani?"

Kijiwe kizima kikatulia, maana kila mtu anaujua mgao. Samaki wakishauzwa, yanatolewa kwanza mafuta, oili, barafu na chakula. Kinachobaki ndicho kinagawanywa: fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu, kisha baharia na nahodha wao. Tuseme usiku mmoja mashine kuukuu inakunywa lita 30 na mpya lita 20, na nusu ya kinachobaki inakwenda kwa tajiri. Lita 10 zimeokolewa. Tajiri amepata thamani ya lita 5, na tano nyingine wamegawana baharia wanane. Lakini bei ya mashine aliibeba peke yake, na spea ataibeba peke yake.

Ndiyo maana tajiri anashikilia ile inayofuka. Hesabu yake iko sawa, kwa upande wake. Anayelishwa moshi usiku kucha, halafu akakatwa nusu ya petroli iliyomwagwa baharini, ni baharia, na yeye ndiye anayepiga makofi Enduro ikiunguruma. Msyuu! Tumebishana miaka kuhusu kasi na kilo, wakati ugomvi uko kwenye daftari la mgao.

Mabaharia wa Deep Sea, nanyi wa Kigombe na Moa, mkikaa na tajiri msianze na jina la mashine. Mwambieni akinunua inayokula kidogo, lita zinazookolewa zimrudishie kwanza ile tofauti ya bei, kidogo kidogo mpaka iishe, ndipo mgao urudi ulivyokuwa. Asipokubali, basi hasara ya mafuta ya ile kuukuu itoke kwenye fungu la mashine, isitoke kwenye chungu cha wote. Na daftari la mafuta liandikeni nyinyi, lita kwa lita, siyo mwanawe tajiri.