Sifa za Tangazo Lililoahirishwa

Katika karatasi zote zinazobandikwa kwenye valve, yaani ubao wa matangazo kama unavyoitwa katika vyuo vikuu vya Kongo, hakuna inayostahili heshima kuliko ile inayotangaza shughuli ya kesho kutwa ambayo haitafanyika. Wasioijua huiita uzembe wa ofisi, ilhali bila hiyo maisha ya kielimu ya mji wa Kasongo yangekosa utulivu wake wote.

Umbo lake lenyewe ni la fahari: kichwa kilichopigwa mstari, saa mbili kamili asubuhi bila kuchelewa, sahihi yenye mikia, na muhuri uliogongwa kiupandeupande. Baada ya siku chache tarehe hukatwa kwa kalamu, nyingine huandikwa juu yake, ya tatu hubanwa ukingoni, hadi yatokee maneno "mpaka tangazo lingine", ahadi ambayo haijapata kuvunjwa na mtu yeyote.

Kozi nyingi humtegemea profesa mgeni, yaani mwalimu wa chuo cha mji mwingine ambaye humaliza somo zima kwa siku chache mfululizo. Atokaye Lubumbashi kwa reli hushuka kituo cha Samba, iwapo treni imejaliwa kupita, kisha huvuka mto Lualaba hapo Kasongo-Rive; atokaye Kindu ana zaidi ya kilomita 200 za barabara ambayo masika huitawala kuliko serikali. Tangazo, lililo na hekima kuliko waliolitia sahihi, hujua mapema kwamba profesa hatafika. Siku ikiahirishwa, mwanafunzi aliyekuja kwa pikipiki kutoka Kabambare ili atetee kazi yake ya mwisho wa masomo hupata juma zima la kuisoma (wapo wanaoisoma hapo kwa mara ya kwanza), na mama muuza maandazi langoni huwauzia watu walewale mara mbili.

Wanaodai kwamba simu zimeiua valve hawajaitazama vizuri, kwa kuwa picha ya tangazo huzunguka WhatsApp muda mrefu baada ya tarehe yake kukatwa ubaoni. Ndiyo maana kwenye hafla ya kutunuku shahada wazazi hufika na mbuzi wa sherehe kwa tarehe iliyokwisha kufa, wakamfunga uani kwa shemeji, naye shemeji akamlisha majani ya viazi mpaka tangazo lingine.