Hindi Lenye Mapengo: Hotuba ya Bingwa wa Mabingwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni waalikwa, nanyi mliojibanza karibu na mlango: tulieni, elimu imewasili. Shahada yangu nimejitunuku mwenyewe, maana sikumwona mwenye hadhi ya kunitunuku. Leo natoa hukumu katika kesi ya muhindi ulionawiri majani huku hindi lake limejaa mapengo. Mshtakiwa si kijicho cha jirani, ni joto. Na kosa limetendeka ndani ya chavua. Protini hufanya kazi kwa jinsi ilivyojikunja. Joto likizidi, mikunjo hufumuka, protini zikagandamana, kazi ikalala. Tapeto, tishu inayoilisha chavua changa, hufa kabla ya wakati wake, na wanga haujai. Chavua ya namna hiyo hutua kwenye ndevu za hindi kama bwana harusi aliyefika ukweni bila mahari.

Najua wabishi hawakosi. Wa kwanza atasema mimea ina protini za kuikinga na joto. Naam, inazo; mwanasayansi Ferruccio Ritossa aliona dalili za kinga hiyo kwenye nzi, akazichapisha mwaka 1962, na asingewahi kuzaliwa kabla yangu sifa hizo zingekuwa zangu. Lakini kinga haikugawanywa sawa. Majani huunda protini hizo, tishu za kike nazo huziunda. Chavua komavu ya mahindi karibu haiziundi kabisa. Kwa hiyo ukijani wa jani si ushahidi wa uzima wa ua. Wa pili ataisingizia mvua. Majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika, yaliyochambuliwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba kila nyuzi moja juu ya 30°C, kwa kila siku iliyodumu, ilipunguza mavuno kwa asilimia 1 hata pale mvua ilipotosha, na asilimia 1.7 penye ukame. Ukame basi huongeza adhabu, hauanzishi kosa. Wa tatu, mjanja kidogo, atanong'ona kwamba takwimu hizo hazikuitenga chavua na mmea mzima. Ni kweli, na ndiyo sababu nadai mbegu zipimwe siku mimea yake inapochanua, chini ya jua kali, badala ya kusifiwa kwa unene wa majani.

Maswali yanaruhusiwa, mradi majibu yake niwe nimekwisha kuyatoa.