Ukoka wa Mstaafu

Hapa Maswa, nyumba inayotunzwa ni ile ambayo uwanja wake hauna jani hata moja. Alfajiri utasikia fagio za kila kaya zikikwaruza, na jua likichomoza ardhi imeshapigwa mistari kama daftari jipya. Uwanja wa namna hiyo una kazi zake. Ndipo dengu na choroko zinapopigwa, ndipo pamba inapochambuliwa, ndipo michembe, vipande vya viazi vitamu, inapoanikwa, na nyoka akijichanganya kukatiza hapo, kuku wanamtangaza kabla hajafika katikati. Majani yakisogea hadi mlangoni, maana yake ni moja tu: wenyewe wamehama. Hayo ni mahame.

Sasa mwanangu aliyeko Dar es Salaam ameamua kwamba mimi, baba yake mzazi, niishi kwenye mahame.

Hakusema hivyo, bila shaka. Alisema, "Baba, umestaafu, unahitaji mandhari. Halafu hilo vumbi la uwanjani si zuri kwa kifua chako." Kifua changu kimekula vumbi la chaki miaka yote hiyo hakuna aliyekiulizia, leo kimekuwa na msemaji. Akanitumia picha za nyumba za huko kwao, za kijani mbele na nyuma, hakuna kuku wala kinu wala mtu. Akaahidi kutuma hela ya kuanzia. Hela ilikuja kweli, ikatosha fyekeo, tupa ya kulinolea na soda moja. Nikaelewa kwamba aliposema mradi ni wa gharama nafuu, gharama nafuu yenyewe ndiyo mimi.

Mwanza wapo watu wanaouza ukoka uliokwisha kuota, unapimiwa kwa mita ya mraba, unakwenda kuutandika tu. Nilipojumlisha bei na usafiri, nikaona kwa hela hiyo napata mbuzi wawili, na mbuzi anazaa. Na huo ukoka si umejaa kando ya malambo yetu, unakanyagwa na ng'ombe toka enzi za mababu? Anayeutaka anachukua jembe na gunia. Unakata vipando vyenye vifundo viwili vitatu, unavilaza kwenye vimifereji vya kina cha vidole viwili, mstari hadi mstari shubiri moja, ncha ikichungulia nje, kisha unakanyaga udongo ushikamane. Unapanda mvua za Novemba zikishakaza, ili ukame ule mfupi wa Januari na Februari uvikute vimeshashika. Kwangu ni luseni, udongo wa mchanga: unapokea upesi na unasahau upesi. Wenye udongo mweusi wa mbuga nao wana yao, kwa sababu kiangazi unapasuka nyufa ambazo kifaranga akiingia ni kazi kumtoa.

Linaloniudhi ni kwamba majani ya namna hii tumewapa wenzetu bure, nao wanaturudishia kwa bei. Majani ya Kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki hii hii. Leo yametapakaa Afrika Kusini, Australia na California, watu wanachezea gofu juu yake. Kisha unayakuta dukani kwenye pakiti ya mbegu yenye picha ya Mzungu anayecheka. Lazima acheke.

Mwanangu hunitumia video za mafundi wa bustani. Katika mojawapo, fundi alisema bustani inahitaji milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita 25 zikitamkwa upesi ni kitu kidogo sana. Lakini milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, na ukoka wangu ni mita kumi kwa kumi. Hizo ni lita 2,500, yaani ndoo 125 za lita ishirini. Nikampigia kumuuliza nani atazibeba. "Baba, siku hizi kuna mipira." Mpira unapunguza kubeba, haupunguzi bili. Mji wetu unakunywa maji ya bwawa la Zanzui, na bwawa lenyewe linangoja wingu lile lile ninalolingoja mimi. Siwezi kusimama nimeshika mpira namwagia majani wakati mama wa watu anapita na dumu kichwani. Hata kama hasemi kitu. Hasa kama hasemi kitu.

Kwa hiyo ukoka wangu unakunywa maji ya kufulia na ya kuoshea mboga, isipokuwa yenye jiki, hayo yanaunguza. Unamwagiliwa alfajiri, tena kwa kulowesha kweli, halafu unaachwa siku kadhaa. Wale wanaonyunyizia kidogo kidogo kila jioni wanafundisha mizizi kukaa juu juu, na mizizi ya juu juu jua la hapa inaimaliza kwa siku moja. Kuanzia Juni hadi mvua zirudi, mimi simwagi hata kikombe. Ukoka unakauka juu, lakini vifundo na mizizi chini ya ardhi viko hai, mvua ya kwanza tu utaona. Mwanangu alipouona kwenye simu mwezi wa nane alipiga kelele, "Baba, yamekufa!"

Nikamwambia hayajafa, yamestaafu.

Mbolea nayo. Hapa kwetu samadi si kitu cha kununua, ni kitu cha kukwepa njiani. Jirani mmoja alinigawia mkokoteni mzima kwa moyo mweupe, mbichi, imetoka zizini asubuhi hiyo. Samadi mbichi ndani yake mna mbegu zote alizokula ng'ombe tangu alipoachishwa ziwa. Ilipopata mvua, ukoka wangu ukaota mbigiri, na miiba yake ikapenya kandambili za kila mgeni. Samadi inarundikwa, inafunikwa, inageuzwa, inaachwa hadi ipoe na isinuke tena, ndipo inasagwa kwa mkono na kunyunyizwa nyembamba mwanzoni mwa mvua. Ndago ni balaa jingine. Ukivuta majani yake unakuwa umeipunguzia mzigo tu, kwa sababu kiazi chake kimebaki chini kinakucheka. Chimba kiazi. Mgongo ukigoma, lala, kesho chimba tena.

Mke wangu hakupinga mambo haya kwa maneno. Alichukua viazi vyake vilivyokatwa vipande, akavimwaga katikati ya ukoka, akavitandaza. Michembe juu ya majani haikauki, inaota ukungu kwa chini, na kila kipande kinanyanyuka na uzi wa ukoka. Jioni akaniwekea sahani ya michembe yenye nyuzi, bila kusema lolote. Sehemu ya upande wa jikoni imerudi kuwa uwanja wa kufagiwa, na mwanangu hajaambiwa.

Lakini lililonishinda ni heshima. Nimefundisha wilaya hii umri wangu wote wa kazi, na kila aliyesoma shule zetu anajua fyekeo ni la nani. Ni la aliyechelewa namba, aliyeongea Kisukuma darasani, aliyekutwa na pera mfukoni. Nimewafyekesha watoto hawa, na baba zao pia. Sasa Jumamosi asubuhi naonekana barabarani nimeinama, fyekeo mkononi. Bodaboda anapunguza mwendo: "Shikamoo Mwalimu! Umefanya kosa gani?" Mwingine ananiuliza nani yuko zamu. Mama mmoja mwenye wajukuu, ambaye niliwahi kumpa kona nzima ya uwanja wa mpira afyeke, alisimama akatazama kazi yangu, akasema pale nyuma nimeruka.

Na kufyeka kwenyewe si kukwangua. Majani ya uwanja wa tenisi wa Wimbledon hukatwa yakabaki milimita 8, lakini wale wana mashine na watu wa mshahara, na jua lao linaomba ruhusa kutoka. Ukikata hivyo Maswa umekausha mizizi. Acha vidole vitatu, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Noa fyekeo kwa tupa kila unapoanza, kwani butu linachana ncha na ncha zilizochanika zinageuka kahawia. Yaliyokatwa yaache hapo hapo yaoze, ndiyo mbolea isiyodai nauli.

Wazee wa hapa wanayajua majani kuliko fundi yeyote wa kwenye video. Msukuma amekuwa akitunza majani tangu zamani: anatenga eneo mvua zikianza, analifunga, hakuna kuingiza mnyama, na kiangazi kikikaza analifungua kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe wagonjwa wasioweza kwenda mbali. Ndiyo ngitili. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati, dagashida, yaani baraza la jadi, inamtoza faini. Miti ilipokuwa imefyekwa miaka mingi kwa sababu ya mbung'o na mashamba ya pamba, Serikali mwaka 1986 ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati Maswa bado iko Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Ngitili zikarudi kwa maelfu ya hekta, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo usije ukamwambia mzee wa Kisukuma kwamba unamletea elimu ya kutunza nyasi. Atakusikiliza kwa adabu, kisha ataangalia ng'ombe wako wako wapi.

Ndivyo alivyofanya mzee jirani yangu. Alikuja jioni na fimbo yake, "Mwadila, Mwalimu," akazunguka ukoka wote taratibu, akainama akachuma jani, akalitafuna.

"Ngitili yako ni nzuri. Utaifungua lini?"

Nikamweleza kwamba si ngitili, ni gadeni.

"Gadeni inaliwa na nani?"

"Hailiwi, mzee. Inaangaliwa."

Alinitazama kwa muda mrefu, macho yale yale anayowapa ng'ombe wagonjwa. Akaniuliza kama watoto wananitumia hela ya kula. Kisha akatoa shauri: ndama wake wako nyumbani mchana kutwa, mama zao wakienda malishoni. Wakija kwangu mara moja moja watapunguza majani, mimi nipumzishe mgongo, naye ataniletea maziwa. Nikakumbuka bodaboda, nikakumbuka yule mama na ile kona, nikakubali kabla hajamaliza. Tukakubaliana ndama wasizidi wawili, wasije mvua ikiwa imetoka kunyesha wasije wakachimbua udongo kwa kwato, na samadi yao nirundike mwenyewe.

Mwanangu akiuliza, nitamwambia nimenunua mashine.

Mzee alikuwa ameshafika barabarani alipogeuka, akauliza kwa sauti mtaa mzima usikie: "Mwalimu, na maji yao ya kunywa utawapa wewe, au?"